Mabaka ya Ngozi na Bakteria wa Tumbo: Kisa cha Fundi Cherehani

Aliingia chumbani ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika. Juu ya ngozi palikuwa na duara lililochorwa kwa kalamu ya wino, na ndani ya duara hapakuwa na kitu.

"Dokta, naapa lilikuwepo," alisema. "Asubuhi lilikuwa hapa, limeumuka, linawasha mpaka machozi. Mwanangu akalizungushia kalamu ili nikuoneshe. Limenikimbia njiani."

Nilimwamini, na lile duara tupu lilinisaidia kuliko picha kumi. Baka la urtikaria, ugonjwa wa ngozi kuumuka na kuwasha, huchomoza, huwasha, kisha hutoweka ndani ya saa 24 bila kuacha alama, huku jingine likichomoza mahali pengine. Lingekuwa baka la kukaa siku mbili au tatu, lenye kuuma kuliko kuwasha na kuacha doa kama la kugongwa, ningeshuku uvimbe wa mishipa midogo ya damu na ningekata kipande kidogo cha ngozi nikipeleke maabara. Mtoto wa shule, bila kufundishwa na mtu, alikuwa ametumia mbinu ileile tunayowafundisha wagonjwa.

Mama huyu ameniruhusu nieleze kisa chake. Nimebadili mambo machache asitambulike, ila mfuatano wa matukio na namba za kwenye daftari ni vilevile. Nakieleza kwa sababu kila wiki huulizwa kama kuna bakteria wa tumboni wanaoharibu ngozi, na jibu la neno moja huwa linamdanganya anayeuliza, liwe ndiyo au hapana.

Alikotoka

Alikuwa na umri wa miaka 38, fundi cherehani, anayeinama mbele ya mashine saa tisa mpaka kumi kwa siku. Mabaka yalikuwa yamemwandama kwa miezi 14. Yalijitokeza zaidi kiunoni panapobanwa na mkanda wa sketi, chini ya sidiria, na kwenye kiganja panapokandamizwa na mkasi. Mara mbili aliamka usiku mdomo umevimba hata hawezi kufunga meno. Alikuwa amechomwa sindano za steroidi mara mbili, kila mara akapata siku chache za amani kisha mambo yakarudi palepale. Vidonge vya setirizini, dawa ya kutuliza mwasho ya kundi la antihistamini, alikuwa navyo, lakini alimeza kimoja tu siku anapowashwa, na akiona nafuu anaacha.

Kilichonihuzunisha zaidi ni chakula. Kila mtu aliyemwona akijikuna alimtajia kitu cha kuacha, naye akaacha: aina 11 za vyakula, moja baada ya nyingine, kwa mwaka mzima. Alikuwa amepungua kilo tano. Mabaka hayakupungua hata moja.

Nilimweleza kwa nini. Ndani ya ngozi kuna seli zinazoitwa seli za masti, zilizojaa vifuko vya histamini. Vifuko vikipasuka, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja maji, ngozi huumuka, na neva za mwasho huamshwa. Mzio wa chakula unaweza kupasua vifuko hivyo, lakini kwa kawaida hufanya hivyo dakika chache au saa mbili hivi baada ya kula, na mtu hukitambua chakula chenyewe. Mabaka yanayokuja karibu kila siku kwa zaidi ya wiki sita, ambayo ndiyo tunayoyaita urtikaria sugu, ni nadra sana kuletwa na chakula. Kwa wengi chanzo ni kingamwili za mtu mwenyewe, yaani protini za kinga ya mwili, zinazozichokoza seli za masti. Siku ile ya kwanza nilimrudishia vyakula vyake vyote 11. Alilia kidogo, na sidhani alilia kwa sababu ya mwasho.

Jambo la pili lilikuwa kwenye mgongo wake. Kwa ajili ya maumivu ya kuinama alikuwa akimeza diklofenaki karibu kila siku. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huzidisha mabaka kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne wenye urtikaria sugu, kwa sababu huzuia kutengenezwa kwa kemikali inayozituliza seli za masti. Dawa hizohizo huchubua utando wa tumbo. Nilimsimamisha, nikampa parasetamoli, nikamwambia ameze setirizini kila siku, awashwe asiwashwe.

Halafu nikampa daftari. Kila jioni aandike namba mbili: mabaka ya siku hiyo kuanzia 0 hadi 3, na mwasho kuanzia 0 hadi 3. Ukijumlisha siku saba, mtu asiye na dalili hupata 0 na aliyezidiwa kabisa hupata 42. Wiki ya kwanza alipata 31. Nasisitiza daftari hili kwa sababu bila lenyewe kisa hiki kisingekuwa na thamani yoyote. Kumbukumbu ya mtu anayewashwa huyumba: siku mbaya hufuta wiki njema, na siku njema humfanya asahau mwezi mzima wa mateso.

Kosa langu la kwanza

Damu yake ilionesha hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ya 10.4, chini ya kawaida, na akiba ya madini ya chuma ilikuwa chini sana. Kwa mwanamke wa umri wake mtu huwaza hedhi mara moja, na hedhi yake haikuwa nyingi. Nilipouliza kuhusu tumbo akasema ana maumivu ya chembe ya moyo ya miaka mingi, hushiba haraka, hucheua. "Nimeshayazoea, dokta."

Maumivu ya chembe ya moyo, upungufu wa chuma usioelezeka, na ngozi isiyotulia. Niliagiza kipimo cha choo cha kutafuta Helicobacter pylori (kwa kifupi H. pylori), bakteria anayeishi tumboni. Jibu likaja kwamba hakuna. Nikaandika kwenye faili kuwa tumbo limeondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa, nikaendelea na ngozi.

Wiki ya nne, bila diklofenaki, namba ilishuka hadi 24. Nikapandisha setirizini kutoka kidonge kimoja hadi vinne kwa siku. Dozi hiyo inazidi ile iliyoandikwa kwenye kasha, lakini miongozo ya kimataifa ya urtikaria inaikubali chini ya uangalizi wa daktari. Wiki ya nane ilikuwa 19. Ilikuwa nafuu, lakini bado alikuwa anaamka usiku kujikuna.

Siku hiyo ya wiki ya nane alifungua mkoba atoe daftari, na pamoja na daftari ikatoka karatasi ya vidonge vya omeprazoli, nusu imeshaliwa.

"Na hivi je, mama?"

"Aa, hivyo si dawa, dokta. Hivyo ni vya kiungulia tu."

Alikuwa akivimeza kwa miaka miwili. Mimi nilimuuliza kama anatumia dawa nyingine, naye akajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hatumii, kwa sababu kwake kitu unachojinunulia mwenyewe si dawa. Sikumtajia omeprazoli kwa jina, wala sikumwambia aoneshe alichonacho mkobani. Kosa lilikuwa langu. Omeprazoli na ndugu zake hupunguza asidi ya tumbo, na humo bakteria hupungua kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo, ingawa wapo. Ndiyo maana dawa hizi husimamishwa wiki mbili kabla ya kupima, na antibaiotiki au bismathi, dawa nyingine ya tumbo, wiki nne kabla. Kipimo changu kilikuwa kimepimwa mahali ambapo mtuhumiwa amejificha, na mimi nikamwandikia cheti cha kutokuwa na hatia.

Akaacha omeprazoli siku 14. Zilikuwa siku ngumu, kwa sababu tumbo lililozoea kuzuiwa asidi huimwaga kwa wingi likiachiwa. Nilimruhusu vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi, ambavyo havizuii kipimo kama omeprazoli inavyofanya. Kisha akafanya kipimo cha pumzi. Mgonjwa hupuliza pumzi kwenye mfuko, hunywa urea iliyotiwa kaboni 13, ambayo haina mionzi, kisha baada ya nusu saa hivi hupuliza tena. Mwili wa binadamu hauna uwezo wa kuivunja urea. H. pylori anao, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho urease. Kaboni ile ikionekana kwenye pumzi ya pili, kuna aliyeivunja huko tumboni.

Ilionekana, na kwa wingi.

Bakteria mwenyewe

Urease hiyohiyo ndiyo inayomwezesha kuishi mahali palipodhaniwa hapaishi kitu. Huivunja urea na kupata amonia, na amonia hupooza asidi inayomzunguka, kisha kwa umbo lake la kujisokota kama parafujo na mikia yake hupenya ute mzito unaolinda ukuta wa tumbo na kuweka makazi humo. Madaktari wawili wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, ndio walioonesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba bakteria huyu anahusika na uvimbe na vidonda vya tumbo. Wenzao wengi walikataa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi uliojaa bakteria hao, na baada ya siku chache tumbo lake likavimba. Tuzo ya Nobel iliwafikia mwaka 2005. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikuwa limeshamweka bakteria huyu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Kwa miongo mingi imekadiriwa kuwa karibu nusu ya watu duniani wanaye, wengi wakiwa wamempata utotoni, na wengi wao hawajui wala hawaugui. Naomba msomaji aishike namba hiyo, maana nitaihitaji baadaye.

Kwa sababu ya upungufu wa damu na kilo zilizopotea, tulipitisha kamera tumboni. Hapakuwa na kidonda wala saratani. Palikuwa na uvimbe wa utando, mkubwa zaidi upande wa chini wa tumbo.

Nilichomwahidi, na nisichomwahidi

Kabla ya kuandika dawa nilikaa naye. Alikuwa ameshasoma kwenye simu kwamba bakteria wa tumbo huleta mabaka, na uso wake ulikuwa umejaa matumaini ambayo mimi sikuwa na haki ya kuyapalilia.

"Mama, natibu tumbo lako," nilimwambia. "Una maambukizi, una uvimbe, na chuma kinakupungukia. Hayo yanatosha. Ngozi ikifuata, tutashukuru. Isipofuata, dawa nyingine zipo, na sitakuacha."

Nilikuwa na maana hiyohiyo. Bakteria huyu anahusishwa kwa ushahidi imara na upungufu wa chuma usio na sababu nyingine, na maambukizi yakithibitishwa kwa mtu mwenye dalili ni haki yake kutibiwa. Dawa nyingine niliyoitaja ni omalizumabu, sindano ya kila wiki nne inayozuia kingamwili za aina ya IgE, zile zinazohusika na mzio, ambayo huwasaidia wengi antihistamini zikishindwa. Ningekuwa nimemwahidi ngozi safi, kisha dozi ikaisha na mabaka yakabaki, angeacha kuniamini, na pengine angeacha kutibiwa kabisa.

Dozi ya kwanza ilikuwa antibaiotiki mbili, klarithromisini na amoksilini, pamoja na omeprazoli, mara mbili kwa siku kwa siku 14. Alimeza zote. Wiki ya kwanza ya dozi daftari lilisema 17, ya pili 20. Wiki ya 20 tangu tuonane, baada ya kupita muda unaotakiwa, tulipima pumzi tena. Bakteria alikuwa bado yupo. Daftari: 18.

Niliporudi kwenye faili na kuuliza upya, ilibainika kuwa miaka ya karibuni alikuwa amepewa azithromisini mara mbili kwa ajili ya kifua. Azithromisini na klarithromisini ni za ukoo mmoja. Bakteria aliyejifunza kuikwepa moja huikwepa na nyingine. Swali hilo huulizwa kabla ya kuchagua dawa, na mimi nililiuliza baada. Ni kosa la pili. Nimeyaandika yote mawili kwa sababu najua yanatendeka kila siku, na mgonjwa ndiye anayebeba gharama yake mwilini.

Dozi ya pili ilikuwa nzito: bismathi, metronidazoli, tetrasaiklini na omeprazoli, siku 14, vidonge vingi kutwa nzima. Tulisimamisha vidonge vya chuma kwa siku hizo, kwa kuwa chuma huikamata tetrasaiklini na kuizuia isiingie mwilini. Nilimhakikishia kwanza kuwa ulimi na choo vitakuwa vyeusi kwa sababu ya bismathi, asije akadhani anavuja damu. Na tulihakikisha si mjamzito, kwa sababu tetrasaiklini huathiri mifupa na meno ya mtoto aliye tumboni. Siku ya nne alitaka kuacha kwa kichefuchefu. Mwanawe yule wa kalamu alimchorea jedwali ukutani, na kila kidonge kilichomezwa kikapigiwa alama.

Wiki mbili baada ya dozi kuisha, 13. Wiki ya 30, kipimo cha pumzi: hakuna bakteria, na safari hii niliuona mkoba wake mzima kwanza. Daftari: 8. Wiki ya 36, 2. Wiki ya 40, 0. Hemoglobini ilikuwa 12.6. Tukaanza kupunguza setirizini, kidonge kimoja kila wiki nne, mpaka akabaki bila hata kimoja.

Je, ni bakteria?

Yeye hana shaka. Mimi ninayo, na inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo.

Kwanza, ile nusu ya watu duniani. Kitu kinachopatikana kwa watu wengi namna hiyo kitakutwa kwa wenye mabaka, kwa wenye mafua, na kwa walioshinda mbio. Kukutana kwa mambo mawili ndani ya mwili mmoja ni ujirani tu mpaka ithibitike vinginevyo. Pili, urtikaria sugu ina tabia ya kuondoka yenyewe. Wengi hutulia ndani ya miaka michache, wapewe dawa au wasipewe. Mama huyu alikuwa anakaribia kutimiza miaka miwili tangu mabaka yaanze tulipomaliza. Inawezekana kabisa kwamba ugonjwa ulikuwa umechoka na sisi tukapita na vidonge vyetu wakati unaondoka. Tatu, katika miezi hiyo tulibadili mambo mengi: diklofenaki iliondoka, antihistamini ikapanda, chuma kikarudi, chakula kikarudi, usingizi ukarudi.

Upande wa pili kuna ile dozi iliyoshindwa, na hapa ndipo kisa hiki kinapotofautiana na vingi nilivyowahi kuvifuatilia. Sikuipanga, ila ilifanya kazi ya jaribio. Mgonjwa yuleyule, ngozi ileile, siku 14 za antibaiotiki, uangalizi uleule na matumaini yaleyale, na kabla yake diklofenaki ilishatoka na antihistamini ilishapanda. Bakteria hakufa, namba ilikuwa 19 kabla ya dozi na 18 baada yake. Ingekuwa ni matumaini pekee yaliyomponya, yalikuwa makubwa zaidi safari ya kwanza. Bakteria alipokufa, namba ikaporomoka ndani ya wiki chache.

Ushahidi huo una uzito, lakini una ufa, na ufa wenyewe unaitwa tetrasaiklini. Dawa za kundi hilo haziui bakteria tu. Hupoza uvimbe pia, hata pasipo maambukizi. Dozi ya kwanza haikuwa nayo, ya pili ilikuwa nayo. Kinachonifanya nisiupe ufa huo nafasi kubwa ni muda: namba iliendelea kushuka miezi mitatu baada ya kidonge cha mwisho, wakati tetrasaiklini ilikuwa imeshatoka mwilini zamani. Hata hivyo siwezi kuuziba.

Tafiti zenyewe zinavutana. Ukiziweka pamoja, watu wenye urtikaria sugu na H. pylori waliopewa dozi hupata nafuu ya ngozi zaidi kuliko wasiopewa. Lakini upo uchambuzi wa tafiti nyingi ambao haukuona tofauti ya wazi kati ya waliomuua bakteria na wale ambao dozi ilishindwa. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa wengi, basi pengine ni antibaiotiki zenyewe zinazotuliza ngozi, au ni wakati tu. Mgonjwa wangu alikwenda kinyume na matokeo hayo. Mgonjwa mmoja hawezi kuupindua uchambuzi wa mamia, lakini hata uchambuzi wa mamia hauwezi kuniambia kilichotokea ndani ya mgonjwa huyu mmoja.

Njia zinazodhaniwa kuunganisha tumbo na ngozi zina mantiki, nami huziona za kuaminika kwa viwango tofauti. Iko dhana kwamba utando uliovimba huvujisha, na vitu ambavyo vingebaki tumboni huingia kwenye damu na kuamsha mzio. Iko nyingine kwamba mwili hutengeneza kingamwili za IgE dhidi ya bakteria mwenyewe. Inayonishawishi zaidi ni ya tatu, ya kufanana: ganda la H. pylori lina sukari zinazofanana na zile zilizo kwenye seli zetu, na kingamwili inayotengenezwa kumpiga mgeni huweza kumpiga mwenyeji. Kwa kuwa urtikaria sugu kwa wengi ni ugonjwa wa kingamwili zilizopotoka, dhana hii inakaa vizuri na tunayoyajua. Inaeleza pia kwa nini ngozi haikupona siku bakteria alipokufa bali ilichukua wiki kadhaa, maana kingamwili iliyokwisha kutengenezwa huchukua muda kuisha kwenye damu.

Wazo la kuunganisha tumbo na ngozi si geni. Mwaka 1930 John Stokes na Donald Pillsbury, madaktari wa ngozi wa Marekani, waliandika kwamba hisia nzito hubadili asidi na vijidudu vya tumboni, na mabadiliko hayo huishia kwenye ngozi. Tangu hapo kila ugonjwa wa ngozi umewahi kunyooshewa kidole kuelekea tumboni. Rosasea, ule wekundu wa uso wenye vipele, ndio mfano unaonipa tahadhari zaidi. Wapo wagonjwa ambao uso wao hupona baada ya dozi ya H. pylori, na ni rahisi kushangilia. Lakini metronidazoli na dawa za ukoo wa tetrasaiklini ni tiba ya rosasea yenyewe, tangu zamani, kwa mtu asiye na bakteria yeyote tumboni. Anayetibu tumbo kwa dawa hizo ameutibu uso bila kukusudia, na hajathibitisha chochote kuhusu tumbo.

Kwa hiyo kwenye faili niliandika hivi: maambukizi ya H. pylori yametokomezwa, imethibitishwa. Upungufu wa chuma umepona, huenda sana kwa sababu hiyo. Urtikaria sugu imetulia, mchango wa maambukizi unawezekana. Alipoisoma akaniuliza kwa nini neno "unawezekana" wakati yeye anaona kabisa. Nikamwambia ndilo neno ninaloweza kuliwekea sahihi.

Baada ya hapo

Miezi saba baadaye alipata mafua makali na mabaka yakarudi kwa siku sita. Alinipigia simu akilia, akidhani bakteria amefufuka. Maambukizi ya virusi huamsha urtikaria mara nyingi, na mtu mzima aliyemtokomeza H. pylori ni nadra kumpata tena. Tulirudisha setirizini, mabaka yakaondoka, na kipimo cha pumzi alichokitaka kwa ajili ya utulivu wa moyo kikaonesha hakuna kitu.

Mwaka uliofuata alikuja na mdogo wake. Binti alikuwa na mabaka ya miezi minne, na mkononi dada mtu alikuwa ameshika karatasi yenye majina manne ya dawa, ileile orodha ya dozi ya pili, imeandikwa upya kwa mwandiko mzuri.

"Nampa hizi, dokta, au niongeze kitu?"

Nilimwomba aiweke karatasi chini kwanza. Binti hakuwa na maumivu ya chembe ya moyo, damu yake ilikuwa nzuri, na hakuwa anameza dawa yoyote, hata zile zisizohesabiwa kuwa dawa. Nilimwambia amwage mkoba mezani, akaumwaga. Miongozo ya urtikaria haisemi kila mwenye mabaka apimwe H. pylori, na kwa mtu kama huyu singempima. Nilimpima kwa sababu dada yake alikuwa naye, na bakteria huyu huenea ndani ya familia. Pumzi yake ilikuwa safi. Ule wekundu wa mistari uliobaki mgongoni nilipomkwaruza taratibu kwa ncha ya kalamu iliyofungwa ulinionesha aina nyingine kabisa ya urtikaria, ile inayoamshwa na mkwaruzo.

Sikumpa antibaiotiki hata moja. Alipata kidonge kimoja cha setirizini kila siku, nguo zisizobana, na daftari. Dada yake ndiye aliyemwelekeza namna ya kulijaza, ameketi karibu naye kwenye benchi, akimwonesha mahali pa kuandika mabaka na mahali pa kuandika mwasho.